Familia inatua, kijijini hakuna basi: mwongozo kwa Mswahili aliyeombwa kusaidia

Ukiwa Mswahili pekee kwenye kamji ka watu elfu nne, ujue siku moja utapigiwa simu na mama wa kanisani ambaye hujawahi hata kusalimiana nae, atakuuliza eti unaongea Kiswahili, na kabla hujamaliza kusema ndio ushakuwa mkalimani, dreva, mpishi na mwalimu wa jiko la umeme. Mimi ilinikuta hivo. Ni mtu wa Kigoma, nipo Nova Scotia, mashariki kabisa mwa Canada, na familia ya kwanza niliyoipokea ilikuwa Wabembe wa Fizi, Kongo, watu saba, wametoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ambayo sisi wa Kasulu tumekua tunaisikia toka ilipofunguliwa 1996. Baba aliingia kambini kijana, ameoa humo, watoto wote wamezaliwa humo. Mpaka sasa nimeshiriki kupokea familia tatu na nimekosea vya kutosha kuweza kukuelekeza.

Kwanza uelewe umeingia kwenye kitu gani. Canada raia wa kawaida wanaruhusiwa kujichanga na kuleta familia ya wakimbizi wenyewe. Mambo haya yalishika kasi 1979 wakati wa Wavietnam waliokuwa wanakimbia kwa maboti, na kazi ile ndio iliyofanya mwaka 1986 watu wa Canada kama taifa wapewe tuzo ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaosaidia wakimbizi. Kuna vikundi vya watu watano, kuna makanisa na mashirika yenye mkataba na serikali, na kuna mpango ambao serikali inalipa nusu mwaka na kikundi nusu mwaka. Vyovyote iwavyo, ahadi ni miezi kumi na mbili: nyumba, chakula, nguo, na mtu wa kuwashika mkono. Mwishoni mwa 2024 serikali ilisimamisha kupokea maombi mapya ya vikundi vya watu watano, kwa hiyo kama ndo kwanza mnataka kuanza, ulizeni kama mlango upo wazi kabla hamjaanza kuchangisha. Na ndugu zako wa kambini wakisikia unasaidia wakimbizi watakuandikia, waambie ukweli tu: kusponsiwa, yaani kuletwa na kikundi, hakuuzwi, na mtu yeyote anayetaka hela ili aweke jina lako kwenye listi ni mwizi.

Sasa twende kwenye kazi, na naanza na gari kwa sababu kila kitu kijijini kinaanzia hapo.

Wenzetu wanaopokea familia Toronto au Winnipeg wanawaza kodi ya nyumba, sisi huku kodi ni nafuu kidogo ila dukani ni kilomita nane, kliniki kumi na tano, Halifax ni karibu masaa mawili, na basi la mjini halipo, halijawahi kuwepo. Familia isiyo na gari kijijini imefungwa. Na hawa ni watu ambao Tanzania walikuwa hawaruhusiwi kutoka kambini zaidi ya kilomita nne bila kibali, sasa umewaleta kwenye nchi huru alafu kwenda kununua chumvi lazima wampigie mtu simu. Yule baba wa kwanza aliniambia kwa upole kabisa, "mutani, huku hakuna polisi wa kunizuia lakini siendi popote." Niliumia.

Kwa hiyo wiki ya pili tu, usingoje wajue Kiingereza, mpeleke baba na mama WOTE WAWILI wakaanze habari ya leseni. Hapa Nova Scotia unafanya mtihani wa maandishi, unapewa leseni ya mwanafunzi, alafu unakaa nayo karibu mwaka ndo uruhusiwe kufanya mtihani wa barabarani, ukichukua kozi unapunguziwa miezi. Piga hesabu. Ahadi ya kikundi ni miezi kumi na mbili na leseni inakula karibu muda wote huo, ukichelewa miezi mitatu maana yake kikundi kinaondoka na familia bado haiendeshi. Kwetu kwa familia ya kwanza tulisema waache wapumzike kwanza, wazoee, tukaja kushtuka mwezi wa sita. Kosa kubwa kuliko yote tuliyofanya. Kitabu cha sheria za barabarani mimi nilikisoma kwa sauti kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, nikawatumia voisi noti kwenye WhatsApp, wakawa wanasikiliza wakipika. Mama alifaulu mara ya pili, baba mara ya nne, na hiyo tofauti inataniwa mpaka leo.

Mpaka hapo leseni zitakapopatikana mtengeneze ratiba ya madreva. Mtu mmoja asibebe kila kitu maana mwezi wa tatu atachoka na ataanza kutopokea simu. Sisi tulikuwa tisa, kila mmoja ana siku yake, na tulibandika karatasi kwenye friji yenye picha ya dreva na siku, hata mtoto anajua leo Jumanne anakuja yule babu wa gari la bluu. Na viti vya watoto vya kwenye gari msisahau, vya kutosha, viwe vipya, maana vya kuchangiwa hujui kama vilishawahi kupata ajali na vina tarehe ya kuisha muda wake.

Kabla hawajafika utapambana na masofa. Ukitangaza tu kwamba familia inakuja, kila mzungu mwenye roho nzuri anakumbuka sofa la marehemu bibi yake. Tulijaza banda la mtu mpaka mlango haufungi, masofa sita, meza za chai sijui ngapi, sahani za Krismasi, na hakukuwa na sufuria hata moja ya kusongea ugali wa watu saba. Mpeni mtu mmoja mkali kazi ya kukataa vitu. Magodoro nunueni mapya, hiyo msibishane, kunguni hawana utani. Alafu vitu vinavyohitajika kweli ni vile ambavyo wao hawavifikirii: sufuria kubwa nzito, mwiko, ndoo na kopo la maji la chooni (niamini), beseni, kandambili, na mashine ya kunyolea kwa sababu kinyozi wa nywele zetu yupo Halifax. Jaketi za baridi msinunue kabla hamjawaona, subirini wafike wapimwe, ila mkutane nao uwanjani na mablanketi na makoti ya kuazima kwa sababu watashuka na viatu vya wazi.

Usiku wa kwanza usiharibu. Wamesafiri kutoka kambini mpaka Dar, ndege zaidi ya moja, baba ameukumbatia ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa, kama roho yake kwa sababu karatasi zote zimo humo, watoto wametapika, alafu wanakuta watu ishirini uwanjani wana maputo na bango na kamera. Kikundi chetu kilitaka kuleta na mwandishi wa gazeti, nikakataa nikaonekana mkorofi. Waje watu watatu tu. Picha hakuna, mpaka wao wenyewe waseme, na si kwa kuulizwa usiku wa manane na mtu aliyewalipia nyumba, hapo nani atakataa? Nyumbani waonyeshe vitu vinne ukaondoke: choo kinavyoflashi, bomba la moto lipi la baridi lipi, mlango unavyofungwa, na simu yenye namba yako. Mengine kesho. Uwe umeacha chakula cha moto. Mimi nilipika wali, maharage na kuku, na yule mama alipofunua sufuria akasema tu "eh," akakaa chini. Watoto walilala wote chumba kimoja, kitanda kimoja, na vile vyumba vingine tulivyopamba na madubu ya kuchezea vikakaa vitupu kama wiki tatu. Waache.

Makaratasi sasa. Haya hayana utamu ila yakichelewa hela zinachelewa. Wanashuka wakiwa wakazi wa kudumu tayari, kadi yenyewe inakuja kwa posta baadae, kwa hiyo hakikisha sanduku la posta limeandikwa majina YAO, kijijini barua yenye jina geni inaweza kurudishwa hivihivi. Wiki ya kwanza: namba ya SIN, ile ya kazi na kodi ya mapato, ni bure. Akaunti ya benki, kwa majina yao, mama na baba kila mtu awe na kadi yake. Kadi ya afya ya mkoa. Fomu ya hela ya watoto, ile inayolipwa kila mwezi kwa mtoto chini ya miaka kumi na nane, hii ijazwe mapema na mwambie kabisa kwamba kila mwaka lazima wapeleke ritani ya kodi hata kama hawajapata shilingi, la sivyo inakatika. Na ile karatasi yao ya IFHP, bima ya afya ya muda ya wakimbizi, itunzeni, inasaidia dawa, miwani na meno ya dharura, ila sio kila daktari wa meno amejisajili kuipokea, piga simu kabla. Sisi tuliendesha saa nzima na mtoto analia jino tukafika tukaambiwa hawapokei.

Jiandae na habari ya tarehe za kuzaliwa. Baba 1 Januari, mama 1 Januari, mtoto mkubwa 1 Januari. Kambini asiyejua tarehe aliandikiwa hivo. Kliniki watachanganya mafaili, watakuuliza kwa kukonyezana, wewe eleza kwa kifupi na uwaombe waangalie jina na mwaka. Na majina nayo, kwetu mtoto si lazima abebe jina la baba, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja wana majina matatu tofauti na shule itadhani wameokotwa.

Kuna jambo moja la makaratasi linalouma na lina saa inayotembea. Kama kuna mke, mume au mtoto wa kumzaa aliyebaki nyuma, na alitajwa kwenye fomu za mwanzo, wana mwaka mmoja tu toka watue wa kuomba afuate kwa njia ya haraka. Mwaka mmoja. Waulize wiki za mwanzo, kwa faragha, kila mzazi peke yake, na uulize kwa Kiswahili cha kueleweka, "kuna mtoto wenu yeyote hayupo hapa?" usiulize "familia imekamilika?" kwa sababu watu watajibu ndio kwa adabu.

Ukalimani ndio kazi yako halisi na hapa Watanzania tunajidanganya sana. Tunadhani Kiswahili ni kimoja. Vijana waliokulia Nyarugusu wanaongea kama mimi tu, ila bibi wa familia ya pili alinambia anataka "munganga", nikajua mganga wa kienyeji, nikaanza kumweleza kwa upole kwamba huku hakuna, kumbe mama wa watu anataka daktari, presha imepanda! Kwa Wakongo munganga ni daktari. Ukisikia neno hulijui au linakushangaza, uliza tena, usijifanye mjuaji. Na kama ni Warundi, mimi Kiha changu, lugha ya kwetu Kigoma inayokaribiana na Kirundi, kinanisaidia, wewe kama huna bahati hiyo usilazimishe Kiswahili kwa mtu anayekijua cha sokoni tu, hasa mambo ya hospitali. Kuna 811 ya kuongea na nesi, unaomba mkalimani kwenye simu, na Halifax kuna ISANS, shirika la kusaidia wahamiaji, wana wakalimani waliosomea. Watumie. Mimi mambo ya uzazi ya mama mwenye umri wa dada yangu sikuona vizuri kukaa katikati, niliomba mwanamke wa kwenye simu na mama yule alishukuru.

Mtoto asitafsiri. Najua ana miaka kumi na Kiingereza keshakishika ndani ya miezi minne, inavutia, ila siku utakapomkuta anamwambia baba yake majibu ya vipimo utaelewa. Na kinachosemwa humo ndani kife na wewe. Kamji kadogo, ukisema neno moja kwenye foleni ya kahawa jioni limefika kanisani. Usiulize habari za vita, na wazungu wakikuomba uwaulizie uwaambie hapana kwa niaba yao, hiyo ni tafsiri pia.

Kisa cha saa. Dada mmoja wa kikundi, mwema sana, akaandika meseji kwa ile programu ya kutafsiri ya simu: nitakuja kuwachukua saa 3. Yeye anamaanisha mchana. Familia ya Kiswahili ikisikia saa tatu ni saa tatu asubuhi, wakavaa, wakatoka nje wakasimama barazani ili wasimchelewesha mgeni, mwezi wa pili, theluji hadi magotini. Jirani ndo akaniita. Toka siku hiyo sheria yetu: kila muda uandikwe na neno asubuhi, mchana au usiku, na uchore saa ya mishale. Inaonekana kitoto, haijawahi kushindwa.

Baridi na nyumba ya kijijini. Huku nje ya mji maji yanatoka kwenye kisima cha kuchimba chenye pampu ya umeme, kwa hiyo umeme ukikatika maji hakuna, na unakatika kila dhoruba. Hapo utagundua hao watu wanakuzidi akili, wenzangu wazungu walikuwa na wasiwasi familia itaishije siku mbili bila umeme, tukaenda, tukakuta wamejaza madumu toka jana, wamekaa jikoni wanapiga stori. Ila kuna mambo hawayajui na yanaua. Jiko la mkaa haliingii ndani, hata la kuota moto dakika kumi, nyumba za huku zimezibwa hewa haitoki. Kile kidude cha dari kinacholia moshi, ukikaanga na mawese kitalia, na mtu wa kwanza kukichoka atatoa betri. Wafundishe kufungua dirisha na kupepea kwa gazeti, sio kutoa betri. Kwenye choo usitupe waipsi wala mafuta, shimo likiziba hapo mwenye nyumba atalia na wewe. Na kile kidude cha ukutani cha joto, weka alama kwa wino: hapa mchana, hapa usiku. Familia ya kwanza waliweka kwenye thelathini mwezi mzima, bili ilipokuja nilitamani kuificha.

Giza wataarifiwe mapema. Mwezi wa kumi na mbili saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Hakuna aliyewaambia, na mama alidhani kuna tatizo na macho yake.

Misitu je. Hapa niwe mkali. Watu wetu wa Kigoma na Kivu mvua zikinyesha tunaingia porini kuokota uyoga, na Nova Scotia vuli msitu umejaa uyoga, kuna wa njano kabisa unafanana na ule wetu wa miombo. Nilimkuta mama ana beseni zima mezani anauchambua. Kuna uyoga mweupe mzuri wa huku unaomaliza ini la mtu na hauna dawa ya uhakika, na ujuzi wa kule hauhami na mtu kuja huku. Tulimwaga lote, alininunia siku nne. Baadae tukampata mzee mmoja mwokotaji wa miaka mingi akawa anatoka nae, sasa anajua ule wa njano na hagusi mwingine. Kupe nao, kupe wadogo kama punje ya ufuta wanaleta ugonjwa wa Lyme, watoto wakitoka kucheza majanini wakaguliwe kila jioni nyuma ya magoti na kwenye nywele. Samaki wa mtoni lazima leseni, na baba aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika hataelewa kwa nini samaki ana kibali, mkatie tu hiyo leseni mapema, itakuwa zawadi bora kuliko masofa yote sita.

Chakula kiukweli kinanipa raha kuandika. Duka la kijijini lina unga wa mahindi wa njano wa chengachenga ambao ukisonga unapata kitu kama mchanga wa bichi. Semolina inasaidia, ukichanganya na huo unga unakaa mkononi. Unga mweupe, unga wa muhogo, sombe (kisamvu) ya kugandishwa, mawese, hivyo ni Halifax, tulikuwa tunakwenda mara moja kwa mwezi tunajaza gari. Kwa Waislamu nyama halali hivyo hivyo, nunueni friji la kugandishia kabla ya kitu kingine. Lakini sikia hii. Jumamosi ya kwanza nilimpeleka mama dukani, tunapita sehemu ya samaki, akasimama. Kuna kisanduku kidogo cha mbao, kimeandikwa kod ya chumvi, wavuvi wa huku wamekula hicho kitu miaka mingi kabla ya mafriji. Mama akakichukua, akanusa ubao, akageuka akanitazama na macho yamemtoka: "Makayabu!" Kwa sauti, duka zima likageuka. Makayabu ni samaki wa chumvi anayependwa Kongo nzima, na alikuwa amemkuta kando ya Atlantiki kwenye duka la watu wasiojua Kongo ipo wapi. Wiki ile aliloweka usiku kucha, akamwaga maji mara tatu, akapika na nyanya, vitunguu na pilipili, akamkaribisha jirani yule bibi mwenye miaka themanini, bibi akasema mama yake mzazi alikuwa anapika na viazi. Hao wawili hawana lugha hata moja ya pamoja na wanashinda pamoja. Kikundi kilikuwa na mpango mrefu wa kuwatafutia "marafiki", samaki akamaliza. Kwa hiyo usiwapeleke dukani na listi, waache watembee kila korido, hata kama inachukua masaa mawili, na wewe nyamaza.

Shule kijijini ni nzuri kuliko unavyofikiri kwa sababu basi la njano linakuja mpaka barabarani kwenu na darasa lina watoto wachache, mwalimu anajua kila jina. Wafundishe watoto sehemu ya kusimama na siku za theluji ambazo shule inafungwa, tangazo linatoka alfajiri na kama wazazi hawasomi Kiingereza wataamka wavae watoto bure, mmoja wenu awe na kazi ya kupiga simu. Wakati wa kuongelea kuchapa watoto usiukwepe. Mweleze baba kama mwanaume kwa mwanaume, au mama kwa mama, sio mzungu na kipeperushi: huku mtoto akifika shule na alama, mwalimu analazimika kisheria kutoa taarifa. Mengine ataamua mwenyewe. Na waambie wenzako waache kumwita bibi wa miaka sitini na tano kwa jina lake la kwanza kama wanamwita paka. Mama Fulani, au bibi, inatosha.

Hela. Hapa ndo vikundi vingi vinavunjika. Hela ya mwezi iingie kwenye akaunti yao, tarehe moja, kiasi kile kile, wao walipe kodi ya nyumba wenyewe tangu mwezi wa kwanza, mkosee nao wakati bado mpo. Kuna mtu kwenye kikundi chetu alitaka kuangalia risiti. Risiti! Nilimuuliza kama na yeye ananiletea zake. Hela ya watoto inayotoka serikalini ni ya watoto, kikundi hakitakiwi kuipigia hesabu. Na watatuma hela nyumbani, utake usitake, mwezi wa kwanza kabisa dola hamsini zitaondoka kwenda kwa shangazi aliyebaki kambini ambako posho ya chakula imepunguzwa mara nyingi, na wenzako watanung'unika kwamba "hatukuchangia kwa ajili ya hao". Sisi tunajua. Hata mimi natuma. Waeleze wenzako mara moja tu, wakielewa sawa, wasipoelewa basi. Ila familia nayo iambiwe kuhusu mkopo wa nauli, kama walisafiri kwa mkopo hauna riba na unaanza kulipwa baada ya mwaka, barua yake inafanana na karatasi za matangazo, waonyeshe kabla haijatupwa.

Kazi kijijini zipo, kiwanda cha samaki, shamba, nyumba za wazee, mbao. Changamoto ni kwamba zinaanza saa kumi na mbili asubuhi na tumerudi kulekule kwenye gari. Mwenye kiwanda akitaka wafanyakazi mwambie apange usafiri, wengine wanakubali ukiuliza. Na kila mtu atakutajia familia ya Hadhad ya Antigonish, Wasyria ambao kiwanda chao cha chokoleti Damascus kilipigwa bomu, wakafika hapa kuanzia mwishoni mwa 2015, wakaanza tena jikoni, leo Peace by Chocolate inajulikana nchi nzima. Safi sana, ni kweli na ni wa mkoa wetu. Ila usimwekee baba wa watu mzigo huo. Wa kwetu anataka zamu ya mchana na Jumapili ya kwenda kusali, basi.

Mwezi wa kumi kaeni nao mezani, na kalenda, muulize bila kuzungukazunguka: mnataka kubaki huku au kwenda? Familia yangu ya pili walisema wanakwenda Edmonton, kuna kaka yao na kanisa la Kibembe. Kikundi kilivunjika moyo, mtu mmoja alilia, kuna aliyesema wametutumia. Mimi niliwaazima trela. Watu waliokaa miaka ishirini pale walipowekwa na wengine wana haki ya kuchagua, na wewe kazi yako hapo ni kuhakikisha faili la daktari, la shule na anwani mpya ya kodi ya mapato vinakwenda nao.

Ile ya kwanza walibaki. Walinunua gari la siti saba, limekula chumvi ya barabarani mpaka lina matundu, na Ijumaa mama huwa ananipigia: "Kesho tunaenda Halifax kuleta unga, kama unapanda uwe tayari saa mbili. Asubuhi."